Kila Mwombaji Aje na Wangeci Mmoja

Inatangazwa rasmi, kwa heshima zote za ofisi na kwa sauti ya kusikika mpaka Njoro, kwamba serikali haijawahi kumlazimisha mwananchi yeyote kuja dirishani na Wangeci. Aliyewalazimisha ni mimi.

Naandika haya kwa wamama wenzangu walio na wasichana wanaojifunza kupiga taipu. Nilisoma mpaka darasa la sita, kwa hivyo mkikuta neno limekaa vibaya, lisukumeni kidogo mwendelee. Jina langu ni Wariara, lakini hapa mjini Nakuru nikiitwa hivyo huwa nachelewa kuitika. Mimi ni Mama Wangeci. Wangeci ni mtoto wangu wa pekee, na ana kifua. Upepo ukitoka mlima wa Menengai asubuhi, yeye hukohoa kabla hata majani hayajatikisika. Kifua hicho ndicho kilichoniingiza katika utawala wa nchi.

Mambo haya yalikuwa mwaka wa sabini na moja. Ofisi yetu ilikuwa ghorofani, juu ya duka la misumari la Bwana Gopal, na iliitwa Ofisi ya Fomu ya Pamoja, Bonde la Kati. Zamani mtu akitaka leseni ya mbwa alijaza fomu ya mbwa, akitaka kibanda alijaza fomu ya kibanda, na ilionekana wazi kwamba nchi haiendi mbele kwa sababu hiyo. Ikaamuliwa kuwe na fomu moja ya mambo yote: mbwa, kibanda, shamba, shule, harusi. Mwenye punda na bwana harusi wajaze karatasi moja, na ofisi itajua yenyewe nani anataka nini.

Fomu hiyo ilitoka kwenye karatasi moja tuliyoiita Karatasi Mama. Ilikaa ndani ya trei ya bati katikati ya chumba. Sisi wapiga taipu tuliinakili kwenye stensili, stensili ikaingia kwenye mashine ya kuzungushwa kwa mkono, na fomu zikatoka mia kwa mia zikinuka wino. Stensili ikichakaa, tunanakili tena. Ukutani kulikuwa na amri moja ya rangi nyeusi: KILICHO KWENYE KARATASI MAMA KICHAPWE KAMA KILIVYO. KUULIZA NI KUCHELEWESHA.

Karatasi ya kwanza kabisa aliiandika kwa mkono afisa mzee aliyekuwapo kabla yetu, siku mbili kabla ya kustaafu. Niliinakili mwenyewe kama ilivyo, kisha ikafungiwa kabatini. Ilikuwa na mistari minne tu: jina, unataka nini, sahihi, na mmoja wa chini uliohusu mambo ya utumishi, ambao makao makuu waliutekeleza wiki hiyo hiyo. Muhuri ukawa unapigwa juu ya mstari huo, na hakuna aliyeusoma tena. Wiki hiyo pia ndipo Bwana Ndung'u alipoletwa kuwa mkubwa wetu, Afisa Mwandamizi wa Fomu, na nyumba ya Milimani, mtaa wa wakubwa, juu yake. Hatukuuliza ametoka wapi. Tulikuwa tumesoma ukuta.

Shida ilianzia kwenye taipureta. Iliyokuwa nzuri ilikuwa moja. Asubuhi nilikaa mimi, mchana alikaa Kamla, mke wa mtoto wa mwenye duka moja la vitambaa karibu na soko. Kamla alikuwa na vidole virefu na maoni marefu vilevile.

"Kamla," nilimwuliza siku moja, "nani amesogeza ukingo wangu?"

"Ukingo wako? Hii mashine baba yako alikuachia?"

"Niliacha nafasi kumi na tano upande wa kushoto."

"Na mimi nimeweka kumi. Kumi na tano ni ya watu wanaogopa karatasi."

"Na mto wangu wa kiti?"

"Iko chini. Mimi nikikalia hiyo mto naona kama nimepanda ngamia."

"Na dirisha? Si nilifunga?"

"Mama Wangeci, ile dawa nyekundu ya kufutia makosa inanuka mpaka kichwa inazunguka. Wewe unataka tufe tukiwa na joto?"

Ningeweza kuandika mambo yangu kwenye kijikaratasi na kukiweka kwenye droo yangu. Droo nilikuwa nayo. Ndani yake mlikuwa na uzi wa kufumia na nusu ya mkate. Lakini niliona mpangilio wangu ndio mzuri, na mtu akiwa na mpangilio mzuri anaona choyo kuuficha. Nikachukua Karatasi Mama, nikaandika chini yake, ili Kamla akija aone, na kesho nikija nisisahau. Kwa unadhifu, nikaweka namba:

5. Ukingo wa kushoto: kumi na tano.
6. Nafasi mbili kati ya mistari.
7. Mto mmoja.
8. Dirisha lifungwe.
9. Wangeci, na sweta ya kijani.

Hiyo ya tisa ilikuwa yangu ya nyumbani. Kila asubuhi nilikuwa nafika kazini nikianza kujiuliza kama mtoto ametoka na sweta au bila. Niliiweka hapo kwa sababu Karatasi Mama ndiyo kitu pekee nilichokuwa nakiangalia kila siku, ukiondoa Wangeci mwenyewe.

Mchana Kamla akaja, akasoma ukuta, akachapa kila kitu kama kilivyo. Kisha, kwa sababu yeye pia ana mpangilio mzuri, akaongeza ya kumi, Dirisha lifunguliwe, na ya kumi na moja, Mto uondolewe. Fomu mia nne zikatoka kabla ya saa kumi.

Kesho yake nikaziona. Nikaenda mpaka mlangoni kwa Bwana Ndung'u nimwambie ukweli. Nilimkuta amesimama, jambo ambalo halikuwa la kawaida yake, na fomu mkononi.

"Nani ameandika hiki kipengele cha tisa?"

"Ni mimi, mzee, lakini..."

"Wacha lakini. Kaa." Nikakaa. "Mama, umeona mbali. Mwombaji anakuja peke yake, anasema yeye ni fulani, sisi tutajuaje? Sasa anakuja na Wangeci. Shahidi. Amevaa vizuri, ana afya, hatetemeki. Kwa nini ya kijani?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema kwamba uzi mwekundu ulikuwa umekwisha dukani.

"Ni rangi ya kilimo, mzee," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeonja supu nzuri. Wiki iliyofuata nikawa Msimamizi Mkuu wa Karatasi Mama, na kibao cha mbao mezani. Nami nikaamini. Ukimpa mtu kibao cha mbao, atakumbuka kwamba alikuwa amekusudia tangu mwanzo.

Utekelezaji ulikwenda vizuri sana. Wenye vibanda mtaa wa Rhonda waliambiwa waache hatua kumi na tano upande wa kushoto. Waliofunga ndoa walisimama vivyo hivyo, bwana harusi akijibu maswali ya padri kwa kupiga kelele. Kuhusu dirisha iliundwa Kamati ya Kuoanisha, ikakaa siku nane, ikaona kwamba vipengele viwili havipingani ikiwa vitatekelezwa na watu wawili. Akaajiriwa Mfunguaji, akaajiriwa Mfungaji pia, na mbele ya kila mwombaji mmoja alifungua na mwingine akafunga. Mto nao ulikuwa unawekwa, mwombaji anaulizwa kama ameuona, kisha unaondolewa.

Karatasi Mama ilizunguka pia vituo vingine ili inakiliwe, na kila ilikopita ilirudi imenenepa. Molo kuna baridi, na Kiplangat, mpiga taipu wa huko, aliandika pembeni bila namba: Jiko la makaa chini ya meza. Gilgil nao waliandika pembeni: Ijumaa, mbavu za mbuzi kilo mbili, zilizochomwa Kikopey. Kipengele hicho cha mbavu ndicho pekee ambacho maafisa wote walikielewa bila semina. Bwana Ndung'u naye hakutaka kuachwa nyuma. Aliniita, akasema mlinzi wake ana tabia ya kubisha mlango wakati yeye ametulia, na kwa kuwa kila mtu anasoma Karatasi Mama, niandike hapo: 12. Mzee asiamshwe kabla ya saa nane.

"Hii ni ya ofisi, mzee, au ni yako?" nikauliza.

"Tofauti ni gani?"

Nikaandika. Ningekuwa na jibu nisingekuwa na kibao.

Wangeci wa kwanza wa kukodishwa alionekana mtaa wa Rhonda mwezi wa saba. Mwezi wa kumi kila msichana mwenye jina hilo alikuwa na kazi, na wengine waliobatizwa majina tofauti walibatizwa upya. Malipo yalikuwa sahani ya githeri na kukaa kivulini. Wamama walifuma kijani mpaka uzi wa kijani ukapotea Nakuru nzima, na Bwana Gopal, aliyetaka tu kibali cha kupaka mlango wake rangi, alisimama kwenye laini siku tatu akiwa ameshika mkono wa Wangeci mwenye miaka sitini na mbili.

"Mama Wangeci," aliniambia akipangusa jasho, "mimi nauza misumari. Mlango ni yangu, rangi ni yangu. Huyu mama ni wa nini?"

"Ni kiambatanisho, Bwana Gopal."

"Lakini yeye anaumwa na mguu."

"Mguu hauhusiani na kipengele cha tisa."

Niliyasema hayo kwa mdomo wangu mwenyewe.

Na wangu? Wangu ndiye alikuwa halisi, kwa hivyo ndiye aliyetafutwa. Watu walifika mlangoni kwangu kabla chai haijachemka. "Hodi, Mama Wangeci. Tuazime Wangeci, tutamrudisha saa sita." Nilimpa kila mmoja maelekezo kuhusu kifua, asikae kwenye upepo, asinyweshwe soda baridi, na niliporudi jioni nilimkuta amelala kitandani na viatu.

"Mama," aliniambia mara moja, "leo nimekuwa kiambatanisho cha watu sita na mbwa mmoja."

"Ulivaa sweta?"

"Mama! Si hiyo ndiyo wanaangalia?"

Nikamshukuru Mungu. Nilikuwa nimefaulu kulifanya taifa zima lihakikishe mtoto wangu amevaa sweta. Mnicheke, wamama wenzangu, lakini semeni kama hata mmoja wenu angekataa.

Januari barua ikaja. Wangeci alikuwa amepita mtihani wa darasa la saba, na shule moja ya bweni ya wasichana ilikuwa imempa nafasi. Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani kuna mtu amejifungua. Halafu nikasoma mstari wa mwisho: aripoti Ijumaa kabla ya jua kutua, akiwa na Fomu ya Pamoja iliyopigwa muhuri, na asipofika nafasi itapewa mwingine. Basi la upande huo lilikuwa moja kwa siku, linatoka saa sita kamili. Na barua ilikuwa imechelewa njiani. Ilifika Alhamisi jioni.

Sikuogopa. Mimi si ndiye Msimamizi Mkuu?

Ijumaa saa mbili tulikuwa dirishani namba tatu, Wangeci na sanduku lake la bati, mimi na mto, jiko na kilo mbili za mbavu. Dirisha hilo lilikuwa la Chepkemoi. Chepkemoi alikuwa karani ambaye angemrudisha mama yake mzazi kwa kukosa nukta. Tulimheshimu sana, hasa tukiwa upande wa ndani.

Dirisha likafunguliwa. Dirisha likafungwa. Mto ukaonekana, ukaondolewa. Mbavu zikapokelewa.

"Mwombaji ni nani?" akauliza Chepkemoi.

"Wangeci."

"Kiambatanisho cha tisa?"

"Wangeci," nikasema, nikamsogeza mbele na sweta yake.

Chepkemoi akamwangalia mtoto, akaangalia fomu, akamwangalia tena.

"Huyu na huyu ni mtu mmoja?"

"Ndiyo."

"Haiwezekani. Mwombaji hawezi kuwa kiambatanisho. Akiwa kiambatanisho, nani ameomba? Akiwa ameomba, kiko wapi kiambatanisho?"

"Chepkemoi, ni mimi."

"Nakuona, Mama Wangeci. Leta Wangeci mwingine."

Hapakuwa na mwingine. Wote wa Rhonda, hata wale wa kubatizwa upya, walikuwa wamebebwa na lori tangu Jumatano kwenda Molo, ambako kulikuwa na usajili wa mbwa. Nikaona sanduku la mtoto wangu pale sakafuni, nimelipiga jina lake kwa rangi nyeupe, na saa ya ukutani ikisema saa tatu na nusu. Nikalisogelea dirisha.

"Sikiliza," nikasema, na nikasema kwa sauti, laini yote ikisikia. "Hicho kipengele si cha serikali. Ni cha kwangu. Nilijiandikia nisisahau sweta ya mtoto. Huyu mtoto. Mto ni wangu, nilikuwa naumwa mgongo. Ukingo wa kumi na tano ni wangu. Dirisha nilifunga kwa sababu ya vumbi. Sikuona mbali. Sikuona chochote."

Watu walioacha hatua kumi na tano za ardhi upande wa kushoto walinigeukia, na macho yao siwezi kuyaeleza kwa elimu ya darasa la sita. Yule Wangeci wa miaka sitini na mbili, aliyekuwa huko Gilgil na Bwana Gopal siku hiyo, nashukuru hakuwapo.

Chepkemoi hakushtuka. "Inaweza kuwa ilikuwa yako," akasema, "lakini sasa imo ndani. Kikishaingia kwenye Karatasi Mama si cha mtu. Unataka kukitoa?"

"Ndiyo!"

"Jaza fomu." Akanipa fomu. "Na uje na Wangeci."

"Ninaye huyu."

"Huyu ni mwombaji. Ametumika."

Wangeci akanivuta kanga. "Mama, twende tu nyumbani," akasema polepole. Hakulia. Angelia ningeweza kuvumilia. Alianza kuvua sweta, taratibu, kama mtu aliyemaliza zamu. Ndipo nilipojua nimefanya nini.

Saa tano kasorobo, tukiwa bado tumesimama kando ya laini, ngazi zikalia. Bwana Ndung'u alikuwa anashuka mbiombio kutoka ofisini kwake ghorofa ya juu, tai imeenda upande, karatasi mkononi. Ameitwa Nairobi, akatangaza. Cheo kikubwa zaidi. Gari linamngoja chini, linaondoka saa sita, na kinachotakiwa ni fomu yake tu yenye muhuri. Akapita laini yote, akaingiza mkono dirishani.

"Chepkemoi, piga hapa haraka."

"Jina?"

"Unacheza? Ni mimi, mkubwa wako!"

Chepkemoi akaangalia saa ya ukutani. Akafungua Karatasi Mama, akaweka kidole. "Kipengele cha kumi na mbili kinasema Mzee haamshwi kabla ya saa nane. Sasa ni saa tano kasorobo. Kwa hivyo Mzee amelala. Wewe ni nani?"

"Nimeamka!"

"Nani amekuamsha? Hilo ni kosa."

"Nimejiamsha mwenyewe, mama!"

"Fomu haina nafasi ya hiyo. Rudi saa nane ukiwa umeamka."

Mtu mmoja nyuma akacheka kwa pua. Bwana Ndung'u akageuka huku na huku, akaniona.

"Mama Wangeci! Wewe ni msimamizi. Futa hicho cha kumi na mbili sasa hivi."

Chupa ya dawa nyekundu ilikuwa mfukoni mwangu, hutembea nami kama funguo. Nikaitoa. Lakini sikuifungua.

"Mzee, tukifuta chako peke yake watauliza kwa nini kiliingia. Na cha tisa je?"

"Cha tisa kina faida gani kwangu? Futa!"

"Na vya wengine?"

"Futa vyote! Kila mambo ya mtu binafsi yatoke kwenye hii karatasi! Turudi kwa karatasi ya kwanza kabisa!"

"Agizo hilo nalitaka kwa maandishi," akasema Chepkemoi.

Bwana Ndung'u akaandika. Akatia sahihi kwa mkono mkubwa, mkia wa herufi ya mwisho ukapanda mpaka juu ya ukurasa. Chepkemoi akapiga muhuri hapo hapo, kwa sababu agizo si ombi, halihitaji kiambatanisho. Kamla, aliyekuwa amekuja mapema kusikiliza kelele, akatumwa kabatini. Akarudi akipuliza vumbi.

"Soma," akasema Bwana Ndung'u, "harakisha."

"Moja, jina," akasoma Kamla. "Mbili, unataka nini. Tatu, sahihi." Akageuza karatasi upande wa mwangaza. "Halafu kuna hii chini, kwa penseli. Mama Wangeci, hii mwandiko ni ya yule mzee?"

"Ni yake. Nilichapa kama ilivyo."

"Imesema hivi. Kwangu mwenyewe, nisisahau: yule kijana Ndung'u atafutiwe cheo chochote, mama yake amekuja mara nne."

Mfungaji alikuwa ameshika dirisha. Hakulifunga.

Nilikumbuka siku hiyo. Nilikuwa mgeni kazini, nimeogopa ukuta, nikachapa mstari wa nne wote bila hata kupumua, bila kufikiri maana yake. Makao makuu wakautekeleza. Kumbe mambo ya utumishi yalikuwa ni mzee mmoja aliyejiandikia "nisisahau" yake mahali pa watu wote, kabla yangu, kwa penseli.

"Hiyo si ya fomu," akasema Chepkemoi. "Hiyo ni ya mtu binafsi."

"Ngojeni kwanza," akasema Bwana Ndung'u.

"Agizo lina sahihi."

"Sahihi ni yangu!"

"Ndiyo maana tunaitii, mzee."

Nikafungua chupa. Nilianza na cha tisa, nikapita na brashi juu ya jina la mtoto wangu mpaka likatoweka, kisha mto, kisha madirisha yote mawili, na jiko la Molo. Kwenye mbavu mkono ulisita kidogo, nakiri. Mstari wa nne nilimwachia Chepkemoi, naye akaufuta pamoja na cheo kilichotokana nao. Kamla akainakili fomu mpya kwenye stensili kwa ukingo wa kumi, nami nikamwachia.

Ilikuwa nusu ukurasa. Wangeci aliijaza akiwa amesimama. Jina: Wangeci. Unataka nini: Kusoma. Akatia sahihi yake ya kwanza maishani, Chepkemoi akapiga muhuri, akapuliza wino ukauke. Tulikimbia na sanduku kati yetu, akapanda basi likiwa limeshaanza kunguruma. Alinipungia mkono dirishani, na sweta ilikuwa imebaki begani mwangu. Nilikimbia nayo mpaka kwenye mzunguko wa barabara, kondakta akaidaka. Hilo halikuwa kwenye karatasi yoyote.

Niliporudi, Bwana Ndung'u alikuwa bado dirishani, na fomu mpya mbele yake. Jina alikuwa amejaza. Kwenye mstari wa pili kalamu ilikuwa imesimama.

"Cheo niandike wapi?" aliuliza.

"Hakuna mahali pa cheo," akasema Chepkemoi. "Unataka nini?"

Gari la chini, lililokuwa limeshapitisha saa sita, likapiga honi mara mbili, kisha likaondoka.

"Kama hujui," Chepkemoi akamwambia bila ubaya, "simama kando ufikirie. Laini ni ndefu."

Kibao changu cha mbao nilikipeleka nyumbani, nakatia vitunguu juu yake. Sasa mimi ni mpiga taipu tu. Nina kadi yangu ndogo ndani ya droo: ukingo kumi na tano, mto, dirisha. Kamla ana yake. Asubuhi naweka mashine ninavyotaka, mchana anaweka anavyotaka, na wananchi hawajui lolote kuhusu mgongo wangu. Wasichana wenu wakianza kazi, waambieni hilo kabla hamjawafundisha hata kuweka karatasi. Cha kwako kiweke kwako.

Jumatatu iliyofuata kulikuwa na ukungu. Kwenye laini ya dirisha namba tatu alikuwa Bwana Ndung'u, na kando yake mama mmoja mzee sana, kitambaa kichwani, ameshika bahasha.

"Habari ya asubuhi, mama," akaniambia yule mama. "Nimekuja kwa ajili ya huyu kijana wangu. Ni mara ya tano. Atafutiwe hata kitu kidogo."

"Mama, tafadhali," akasema Bwana Ndung'u, akiangalia viatu.

"Nyamaza. Umetoka bila sweta tena."

Nilimletea kiti, na mto wangu. Nikamwambia nitakumbuka. Nilirudi mezani nikachukua penseli niandike kabla sijasahau, na mkono, kwa mazoea yake, ukaelekea moja kwa moja kwenye trei ya bati. Nikausimamisha hewani. Kisha nikavuta droo, nikatoa kadi yangu, na chini ya ukingo na mto na dirisha nikaandika: Ndung'u. Uzi wa kijani upo.